Je, Ni Dhambi Kula Mbegu?



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike machache juu ya bustani ya nyumbani, kwa kuwa anajua kwamba tangu nilipoacha chaki nimekuwa mtu wa jembe na kopo la kumwagilia. Nilikubali upesi, nikidhani kazi yenyewe ni kueleza nafasi ya mashimo na kiasi cha samadi. Lakini nilipoketi kuandika niliona kwamba kuna jambo moja la bustani hiyo ambalo linanisumbua moyoni kwa muda mrefu, nalo si la samadi. Basi, nitaeleza yote mawili, kwa maana yamefungamana.

Katika nchi za baridi mwenye bustani nyuma ya nyumba hupenda kupanda aina ya maharagwe makubwa na mapana. Hayo huvumilia baridi, lakini jua likizidi huangusha maua bila kuzaa. Kwetu Lalago hayatufai. Mungu ametupa sisi kunde, ambazo ni za ukoo huo huo, nazo hupenda joto, na mvua ikisita kidogo hazikati tamaa haraka kama mahindi. Bibi zetu walizijua vizuri. Majani mabichi ni mboga. Majani yaliyochemshwa na kuanikwa ndiyo nsansa tuliyolelewa nayo. Na punje zake ni kitoweo cha mwaka mzima.

Kupanda kunde hakuhitaji elimu kubwa. Mvua ikishalowesha udongo vizuri, chimba vijishimo vyenye kina cha vidole viwili, tia punje mbili mbili, uache kama futi mbili kati ya mstari na mstari kwa zile zinazotambaa. Baada ya siku nne hadi sita utaziona zimeinua vichwa. Usizitie mbolea nyingi ya chumvichumvi. Ukiing'oa kunde moja taratibu utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo ndani mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mmea nao huvilisha vijidudu hivyo sukari. Kila mmoja anamlisha mwenzake. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa shule jambo hili kwa kuchora ubaoni, na siku zote kulikuwa na mtoto mmoja aliyeuliza, "Mwalimu, nani alianza kumpa mwenzake?" Sikuwahi kupata jibu la kuwaridhisha.

Sasa sikilizeni habari ya mbegu. Mimi hutenga mistari miwili ambayo haichumwi mboga hata jani moja. Mistari hiyo ni ya mbegu. Katika mistari hiyo huchagua miche yenye afya, iliyowahi kuzaa, na maganda yake yakikauka huyachuma mapema, kwa sababu bungua huanza kutaga mayai juu ya maganda tangu yakiwa shambani. Ukichelewa, unaingiza adui nyumbani mwenyewe. Punje hukaushwa, hupepetwa, huchaguliwa moja moja. Halafu huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa na kutiwa katika chombo kinachofungwa kabisa. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, nayo ni mizuri sana. Kabla ya kupanda, chukua punje kumi, zifunge katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota nane, una mbegu. Zikiota tatu, una mboga.

Katika nyumba yangu kulikuwa na sheria moja tu juu ya chombo hicho: hakiguswi. Sheria hiyo niliirithi kwa mama yangu. Nayo ndiyo iliyoniingiza katika jaribu ninalotaka kuwaeleza.

Miaka michache iliyopita mvua za mwanzo zilikuja, zikatudanganya, zikaondoka. Waliowahi kupanda walipoteza mbegu zao ardhini. Jioni moja alifika nyumbani kwangu mama mmoja jirani, mjane, mwenye watoto wanne. Simtaji jina, na wala msijaribu kumtafuta. Alibisha hodi, akaketi, akazungumza habari za mvua na za ng'ombe wa watu, kama ilivyo desturi yetu ya kutoingia moja kwa moja katika shida. Mwisho akasema, "Mwalimu, nyumbani hatukuwasha moto tangu jana. Naomba unisaidie chochote."

Nikasimama. Nikafikiri kwa namna ya mwalimu. Nikajiambia kwamba mtu ukimpa chakula atarudi kesho, lakini ukimpa mbegu umempa heshima yake. Basi nikateremsha chombo changu kisichoguswa, nikampimia sado moja ya mbegu nzuri ya kunde, nikamweleza kwa urefu namna ya kupanda mvua itakaporudi. Alinishukuru sana, akapiga goti, akaenda zake. Mimi nililala nikiwa na moyo mweupe kama mtu aliyetoa zaka kamili.

Asubuhi niliambiwa na watoto wake wenyewe, wakipita kwenda shuleni, kwamba kunde za Mwalimu zilikuwa tamu sana.

Alizipika usiku ule ule. Zote.

Ndugu zangu, nilikasirika. Nilikaa na hasira juma zima, nikipita mbele ya nyumba yake bila kusimama kumwamkia. Nilijiambia, "Amekula kesho ya watoto wake." Nikawa tayari hata kulileta jambo hilo mbele ya wazee wa kanisa kama mfano wa watu wasiojali. Ndipo swali likazaliwa: je, ni dhambi kula mbegu?

Hoja za kusema kwamba ni kosa ninazo, tena si dhaifu. Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Wakati ule sisi tulikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Huu Mkoa wetu wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012. Mvua zilikuwa zimekosa, na mwaka huo huo watu walikuwa wanahamia katika vijiji vya ujamaa. Serikali ililazimika kununua nafaka ng'ambo, na ndipo tulipojifunza kula ugali wa unga wa njano. Mama yangu alikuwa na kibuyu cha mbegu za kunde kilichoning'inia juu ya meko, kikipigwa na moshi kila siku ili bungua wasikaribie. Tulikitazama kibuyu kile kwa njaa. Mdogo wangu alilia. Mama hakukiteremsha. Mvua ya msimu uliofuata ilipokuja, watu walizunguka wakitafuta mbegu, na mama alipanda siku ya kwanza. Tangu hapo niliamini kwamba utu wa mtu hupimwa kwa kibuyu kile.

Tena, dunia inayo mfano mkubwa kuliko huo. Katika mji wa Leningrad huko Urusi, palikuwa na chuo kilichokusanya mbegu za kila namna kutoka pembe zote za dunia, kazi iliyoongozwa na mtaalamu aitwaye Nikolai Vavilov. Mwezi Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo, na mazingira hayo hayakuvunjwa kabisa hadi Januari 1944. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Ndani ya chuo kile walikuwamo walinzi wa mbegu, wamezungukwa na mpunga, ngano, karanga na jamii za kunde. Hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa na mifuko ya mpunga karibu naye. Alexander Shchukin, mlinzi wa karanga, alifia mezani pake. Na Vavilov mwenyewe, ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga kwa uonevu, alikufa gerezani huko Saratov mwezi Januari 1943. Mbegu zile zilibaki, na wakulima wamefaidika nazo baada ya vita.

Nilipoikumbuka habari hiyo nilijiona nimeshinda kesi. Ikiwa wale walikufa wakaacha mbegu, je, jirani yangu hakuweza kuvumilia?

Lakini hasira ikipoa, akili hurudi. Nilianza kuyatazama tena mashahidi wangu, nikaona kwamba hawasemi nilivyotaka waseme.

Wale wa Leningrad walichagua kwa miili yao wenyewe. Hakuna aliyeketi ameshiba akimwambia mwenzake afe kwa ajili ya mbegu. Kujinyima ni sadaka, lakini kumnyima mtu mwingine kisha kukuita huko kujinyima ni udanganyifu. Aliye na haki ya kulisifu tendo lao ni mtu aliye tayari kulitenda, na mimi jioni ile nilikuwa nimekwisha kula.

Kuhusu mama yangu, nilikwenda kwa dada yangu mkubwa kumwuliza. Alicheka, akasema, "Wewe ulikuwa mvulana, hukuingia sana jikoni. Unadhani tuliishi kwa hewa?" Akanikumbusha kwamba mama alikuwa na michembe ya viazi katika chungu, na furushi la nsansa, na kwamba mjomba alileta debe la mtama kutoka upande wa pili wa Maswa, mara mbili. Mdogo wetu alilia, ndiyo, lakini kila usiku alipata kitu tumboni. Kibuyu kile hakikulindwa na moyo mgumu wa mama peke yake. Kililindwa na mtama wa mjomba. Nimekaa miaka hamsini nikimsifu mama kwa ushujaa, nami nilimsahau mtu aliyebeba debe.

Hapo ndipo mke wangu, aliyekuwa amenyamaza juma zima, aliniuliza swali moja. Akasema, "Mwalimu, yule mama alikuomba nini?"

Nikasema, "Aliomba msaada."

Akasema, "Alisema hawakuwasha moto tangu jana. Na ndani tulikuwa na nini?"

Ndani tulikuwa na gunia na nusu la mahindi.

Nadhani hapa mmekwisha kuona kosa langu kabla sijalitaja. Mama yule alikuja kuomba chakula cha leo, nami nikampa chakula cha baada ya miezi miwili. Tena mvua yenyewe ilikuwa haijarudi. Nilimpa kitu ambacho kwangu kilikuwa ni mbegu kwa sababu mimi nina mahindi, na ambacho kwake kilikuwa ni chakula kwa sababu hana. Kunde zilikuwa zile zile. Kilichozigeuza ni gunia lililokuwa nyumbani kwangu na lisilokuwapo kwake. Kisha nikamhukumu kwa kushindwa mtihani nilioutunga mimi bila kumwambia kwamba ni mtihani.

Na si mimi peke yangu niliyewahi kukosea hivyo, ingawa wengine wamekosea kwa hasara kubwa zaidi. Mwaka 1971 nchi ya Iraki iliagiza mbegu nyingi za ngano na shayiri kutoka ng'ambo baada ya ukame. Mbegu hizo zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu, na zikatiwa rangi nyekundu kuwa onyo. Maandishi ya onyo yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo mkulima wa kule hazisomi. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ilifika wakati msimu wa kupanda umekwisha kupita. Watu waliosha ile rangi, wakasaga, wakaoka mikate. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitalini, na kwa hesabu ya serikali 459 walikufa. Wapo waliosema kwamba wakulima wale walikuwa wajinga. Mimi nauliza: ni nani anayempa mtu mwenye njaa gunia la nafaka, wakati wa kupanda umepita, akategemea asile? Nasi kwa njia hii tukumbuke: mbegu za dukani zilizotiwa rangi zina sumu, haziliwi hata zikioshwa mara kumi.

Maandiko nayo yalinisahihisha. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, akafika Mahanaimu akiwa amechoka pamoja na watu wake, mzee Barzilai na wenzake walimletea vitanda, vyombo, unga, nafaka za kukaanga, kunde, asali na kondoo. Waliangalia mtu aliyesimama mbele yao alikuwa na hali gani, wakaleta vitu vya hali hiyo. Na Bwana wetu alipolaumiwa kwa sababu ya wanafunzi waliovunja masuke siku ya sabato, aliwakumbusha Mafarisayo jinsi Daudi huyo huyo, kwa njaa, alivyokula mikate mitakatifu ambayo kwa sheria haikumpasa. Ikiwa mkate wa madhabahuni uliliwa na mwenye njaa bila hatia, basi sado ya kunde za Mwalimu ni kitu gani?

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtu mwenye chakula kingine akila mbegu kwa uvivu au kwa ulafi, anawakosea watoto wake na watakaokuja. Lakini mtu asiye na kitu akiipika mbegu ili mtoto aone asubuhi, huyo hana dhambi. Mbegu iliumbwa kwa ajili ya uhai, na uhai uliomo hatarini usiku wa leo hauwezi kungoja ule wa Machi. Kama kuna hatia katika chungu kile, itafutwe kwa majirani waliokuwa na ghala wakaacha mtu afike mahali pa kuchagua kati ya leo na kesho.

Msomaji mmoja anaweza kuniuliza: "Na kama wewe mwenyewe usingekuwa na mahindi, ila chombo cha mbegu tu?" Ni swali gumu, nami sitalikwepa. Nadhani ningepaswa kugawa. Sehemu tungekula pamoja, sehemu ndogo tungeiacha, hata kama ni konzi moja tu. Kunde moja iliyopata mvua huzaa punje nyingi, na konzi moja inaweza kurudisha shamba kwa misimu michache. Mtu anayezuia vyote kwa ajili ya kesho na mtu anayemaliza vyote leo wote wawili wamesahau kwamba siku hizo mbili ni za Mungu mmoja.

Kuna onyo jingine ambalo sipendi kulipita. Katika kitabu cha Mwanzo, Wamisri walipomwendea Yusufu katika njaa hawakuomba mkate tu, waliomba na mbegu ili nchi isiwe ukiwa. Yusufu akawapa. Lakini someni mpaka mwisho: walipopata mbegu, mashamba yao yalikuwa yamekuwa ya Farao, nao wakawa watumwa wake, wakitoa sehemu moja ya tano kila mavuno. Walipona, wakamshukuru. Hata hivyo mimi husoma sura ile kwa hofu, kwa sababu hata huku kwetu wapo watu wanaokopesha gunia moja wakati wa njaa ili walipwe mawili wakati wa mavuno, au wanaonunua choroko na pamba za mtu zikiwa bado shambani kwa bei ya kumtupa. Baadhi yao tunashika nao kitabu kimoja cha nyimbo. Msaada unaomfanya mwenzako kuwa mtumwa wako ni biashara, na biashara hiyo isiitwe upendo.

Nilifanya nini baadaye? Nilikwenda kwa jirani yangu na debe la mahindi begani. Mimi mwenyewe, sikumtuma mtoto. Nilimwomba radhi kwa kupita kwake bila kumwamkia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, nilijua ni mbegu. Nilizishika mkononi mpaka maji yakachemka." Maneno hayo sitayasahau. Kumbe alikuwa anajua yote niliyotaka kumfundisha, na zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba uzito wake. Mvua iliporudi nilimpelekea mbegu tena, sado moja, wakati huu ikiwa pamoja na mahindi ya kumfikisha kwenye majani ya kwanza. Alizipanda. Msimu ule kunde zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, kwa kuwa palizi yake haina mzaha.

Ndugu zangu wa mtaa huu, nina ombi moja. Sikukuu ya mavuno ikikaribia sisi huleta kanisani kuku, mahindi na viazi, vikanadiwa, na hilo ni jema. Naomba safari hii kila nyumba iliyojaliwa ilete vitu viwili zaidi: konzi mbili za mbegu safi, ya kunde au choroko au mtama, na sado moja ya nafaka ya kula. Mbegu iwekwe katika chombo kimoja kisichopitisha hewa, nafaka katika kingine, na akina mama wa kanisa, ambao wanajua nyumba ipi haikuwasha moto, washike funguo. Atakayehitaji apewe vyote viwili kwa pamoja, bila riba na bila hotuba. Akivuna, arudishe alichoweza, au ampe mwingine.

Na tusiweke mbegu zetu zote katika nyumba moja, hata kama ni nyumba ya Mungu. Gawieni majirani. Mbegu iliyoko katika nyumba kumi haipotei kwa bungua wa nyumba moja wala kwa njaa ya nyumba moja. Mwaka ambao chombo changu kitaharibika, na utakuja, natumaini nitabisha hodi kwa yule mama. Naomba tu asinipe hotuba kabla ya kunipa ugali.

Mungu awabariki, na azibariki bustani zenu.

Mwalimu mstaafu, Lalago